Bukta Namba Tisa

Veneranda aliwajua watu waliochoka kuliko daktari yeyote wa mkoa ule, na darasa la unesi hakuwahi kulikanyaga. Alifua jezi tu. Kila Jumatatu, kwenye mabeseni mawili ya plastiki, alifua jezi za Duara Saba, timu ya wachimbaji wa dhahabu waliovamia kilima cha nyuma ya Itiryo. Jezi zilikuwa za kijani, bukta nyeupe. Mtu aliyechagua bukta nyeupe kwa timu ya watu wanaoishi ndani ya udongo mwekundu hajawahi kufua nguo maishani mwake. Mtu huyo alikuwa Stanslaus, mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, mwenye timu, na mwenye kauli ya mwisho juu ya nani ale na nani alale njaa.

Weupe huo ndio uliomfundisha Veneranda. Mchezaji aliyechoka huinama akashika magoti. Akishika mara moja, anaacha vumbi kidogo tu kwenye pindo la bukta. Akishika mara ishirini, anaacha viganja vyote viwili, vidole vimetanuka, udongo umegandishwa na jasho.

"Huyo namba tano wenu amekwisha," alimwambia siku moja Kornelio, kocha wa timu. "Nikifua bukta yake ni kama nafua mikono yake."

Kornelio alicheka. Jumapili iliyofuata namba tano akaanguka dakika ya sitini, misuli imekaza kama kamba ya mtumba, akatolewa amebebwa. Tangu hapo kocha hakucheka tena. Kila Jumatatu asubuhi alikuja kwenye mabeseni, akachuchumaa, akauliza, "Shemeji, nani amechoka?"

Alimwita shemeji kwa sababu Mabula, mume wa Veneranda, alikuwa namba nane wake, kiungo anayekimbia tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho. Kornelio aliwahi kusoma kozi ya ukocha ya wiki mbili pale Musoma, na cheti chake alikitunza ndani ya mfuko wa nailoni. Kozi ilimfundisha kwamba baada ya mechi kubwa mwili unadai mapumziko, na usipolipwa unajilipa wenyewe. Basi aliowataja Veneranda walipumzishwa. Walilala chini ya turubai, wakanywa uji, wakarudi wiki ya pili na miguu mipya. Kwa njia hiyo Duara Saba ilizifunga timu zenye viatu vizuri zaidi mpaka ikafika nusu fainali. Veneranda naye alionja kitu ambacho hakukizoea: mtu anamuuliza jambo, halafu anasubiri ajibu.

Yeye na Mabula walitoka Usukumani wakifuata rashi, ile mbio ya kukimbilia dhahabu mpya, kama wengine wote pale kilimani. Lakini wengine walikuja kutafuta dhahabu. Veneranda alikuja akitafuta mahali ambapo mume wake hatashuka shimoni tena. Huko walikotoka matimba, magogo ya kushikilia kuta za duara moja, yalikatika, Mabula akafukiwa siku mbili pamoja na mwenzake. Mwenzake aliongea siku ya kwanza. Siku ya pili hakuongea. Mabula alipotolewa alikuwa mzima wa mifupa, ila tangu siku hiyo hakuweza hata kuingia chooni akafunga mlango. Veneranda alikuwa akisimama nje kuushika mlango usijifunge, na kambi nzima ilicheka. Mwanamume mmoja tu katika timu hakucheka. Okeyo, namba tisa, mshambuliaji aliyetoka ng'ambo ya Sirari, alipomkuta Mabula anahangaika mlangoni na Veneranda hayupo, aliushika mlango mwenyewe, akaangalia pembeni, akaanza kusimulia habari za ng'ombe wa baba yake mpaka mwenzake alipomaliza.

Mabula aliokolewa na miguu yake. Stanslaus alimwona akicheza, akampa kazi ya kulinda karasha, ile mashine ya kusaga mawe, juu kabisa, kwenye jua la Mungu. Siku hiyo Veneranda alipiga magoti akaomba jambo moja: Mabula asishuke chini tena mpaka atakaposhushwa kaburini. Hakuomba kingine, na hakuwa mtu wa kumsumbua Mungu kwa vitu vingi.

Basi wiki ya nusu fainali Duara Saba ikashika mwamba wenye dhahabu. Mawe yaliyopanda juu yalikuwa yanamemeta, na Stanslaus hakupata usingizi. Alitaka mikono. Aliwakusanya wachezaji wake kumi na nane akawapa sheria mpya.

"Kumi na moja wa uwanjani na wanne wa akiba mtabaki juu," alisema. "Hao watatu ambao kocha anawapumzisha, wapumzikie shimoni. Kule kuna baridi nzuri."

Wapambe wake walicheka. Kumchekea Stanslaus ilikuwa sehemu ya kibarua.

Jumapili walikutana na timu ya Ikoma, vijana wa hotelini na walinzi wa wanyama, watu ambao mshahara wao ni kuwakimbiza majangili, kwa hiyo kukimbia ni kazi yao. Dakika tisini zikaisha bila kwa bila. Zikaongezwa thelathini, jua linachoma, hakuna aliyemfunga mwenzake. Duara Saba ikashinda kwa penalti, na wachezaji wakalala pale pale uwanjani kama magunia. Hapo ndipo ikatangazwa kwamba fainali haitakuwa Jumapili ijayo. Mgeni rasmi alikuwa na safari. Fainali Jumatano, Mugumu, na dume la ng'ombe la zawadi limeshafungwa kamba huko. Kornelio aliomba, akalalamika, akatoa hata cheti chake. Akaambiwa mgeni rasmi hasubirishwi kwa sababu ya miguu ya wachimbaji.

Jumatatu Veneranda alifungua gunia la jezi kabla kocha hajafika. Bukta tatu zilikuwa na viganja. Namba mbili. Namba tano. Na namba nane, hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote, kiganja juu ya kiganja, mpaka pindo zima lilikuwa jekundu. Hakuhitaji kuisoma. Mabula alikuwa amelala amekaa, kwa sababu kunyoosha miguu kulimuuma.

Aliichukua namba nane akaizamisha. Akasugua kwa sabuni, akasugua kwa mchanga, mpaka vifundo vya vidole vikachubuka. Kisha akakaa kitako. Kocha angetaka majina matatu. Akipewa mawili, wa tatu angemtafuta kwa macho yake mwenyewe, na jicho lake lisingepata shida. Wote walimwona Mabula akiinama.

Akaitoa bukta namba tisa. Ilikuwa na vumbi la makalioni tu. Okeyo hucheza mbele, husubiri mpira aletewe, hupumua atakavyo. Veneranda alilikumbuka lile suala la mlango wa choo. Ijulikane kwamba alilikumbuka. Halafu akailowesha mikono yake, akaikandamiza kwenye udongo, akaikandamiza kwenye bukta. Wa kulia, wa kushoto. Akasubiri ikauke kidogo, akarudia. Alifanya vizuri, maana msimu mzima alikuwa akiisoma kazi hiyo.

Kornelio alikuja, akachuchumaa. "Shemeji, nani amechoka?"

"Mbili, tano, na tisa."

"Tisa? Okeyo? Mbona jana alikuwa anaruka?"

"Aliruka mwanzo. Angalia hapa."

Kornelio aliangalia, lakini hakuangalia sana. Angeangalia vizuri angeona viganja vidogo kuliko vya mwanamume mwenye kimo cha Okeyo. Kornelio alipenda kuuliza kwa sababu anayeuliza siye anayetaja, na watu watatu walikuwa wanakwenda shimoni.

"Na Mabula?" aliuliza. "Nilimwona anashika magoti."

"Bukta yake nimeshaifua. Haikuwa na kitu."

"Basi," alisema Kornelio, akaandika majina matatu kwenye kiganja chake kwa kalamu, akaenda zake. Veneranda alifua jezi za watakaocheza. Za waliopumzishwa alizirudisha kwenye gunia, kwa sababu sabuni ilikuwa imebaki kipande.

Jumanne asubuhi Okeyo alipita kwenye mabeseni akiwa amefunga tochi kichwani.

"Shemeji, wanasema mimi nimechoka," alisema huku anacheka. "Mbona mwenyewe sina habari? Nani amewaambia?"

"Sijui, shemeji."

"Sawa. Niwekee namba tisa yangu vizuri, nitaivaa Jumapili."

Saa tisa mchana kilima kilitoa sauti fupi, kama mtu anayekohoa mara moja. Wanawake wote walikimbilia kwenye kamba, pale wanapozuiwa, kwa sababu wachimbaji wanaamini dhahabu inakimbia mwanamke akikaribia mdomo wa shimo. Adoyo, mke wa Okeyo, alikuwa anauza chapati. Alifika mikono ina unga. Namba mbili akatoka. Namba tano akatoka anatapika vumbi. Okeyo alitolewa jua likielekea kuzama, amefungwa kamba chini ya makwapa, na waliomvuta hawakuwa na haraka tena.

Adoyo alilia kwa Kijaluo, maneno ambayo Veneranda hakuyaelewa na hakuhitaji kuelezwa. Alimshika bega. Alimshika, na moyoni akasema: ingekuwa Mabula. Akamshukuru Mungu. Alishukuru kwa dhati, machozi yakimtoka, na waliomwona walisema yule Msukuma ana utu. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Jumatano walicheza hivyo hivyo. Mgeni rasmi hasubirishwi hata na maiti. Walifunga vitambaa vyeusi mikononi, vilivyochanwa kutoka kwenye mwamvuli, wakasimama kimya dakika moja ambayo mwamuzi aliikata katikati. Mabula alikimbia dakika ishirini. Ya ishirini na moja akashika magoti. Akayashika mbele ya watu wote wa Mugumu, na bao la kwanza likapita pembeni yake naye ameinama. La pili alilitazama akiwa wima, lakini miguu haikukubali kwenda.

"Kalale!" watu wa kambini walimpigia kelele. "Mtoe huyo marehemu!"

Kornelio hakuwa na wa kumwingiza kwenye kiungo, maana mwingine aliyezoea nafasi hiyo, namba tano, alikuwa bado anatapika vumbi. Ikaisha mbili bila. Dume likabaki Mugumu. Stanslaus aliwasubiri kwenye lori.

"Timu imekufa," alisema. "Kesho wote chini. Na wewe namba nane utangulie."

Veneranda alimfuata mpaka mlangoni mwa lori. "Shikamoo mzee. Nakuomba, mzee. Huyu mume wangu shimo haliwezi, alifukiwa. Na amechoka, hata kusimama hawezi."

Stanslaus alimwangalia kwa mara ya kwanza tangu amwajiri. "Wewe si ndiye yule fundi wa kuwajua waliochoka? Kocha anakusifia kila siku. Ulisema huyu ni mzima."

Veneranda aliushika mlango wa lori.

"Mtu mzima anachimba," alisema Stanslaus, akafunga mlango.

Alhamisi asubuhi Mabula alivaa tochi. Ilikuwa ya Okeyo. Kambini kitu kizima hakitupwi. Hakulalamika. Aliuliza tu, "Utakuja kunisimamia?" kama alivyouliza kila siku anapokwenda chooni. Veneranda alimwambia wanawake hawaruhusiwi kuvuka kamba. Mabula akasema ni kweli, alisahau, akapanda kilima polepole, mikono ikiwa juu ya mapaja kusukuma miguu.

Veneranda alikuwa kwenye beseni, anafua jezi za mwisho ili zirudishwe kwa Stanslaus, Adoyo alipokuja. Gari la kwenda kuchukua maiti mochwari lilikuwa linasubiri barabarani. Walikuwa wanampeleka Okeyo kwao, akazikwe kwenye boma la baba yake.

"Vene, naomba nguo yake ya mpira," alisema Adoyo. "Watoto watataka kitu."

"Ngoja niifue kwanza, Mama Akinyi. Ni chafu."

Adoyo alikuwa ameshaingiza mkono kwenye gunia. Aliitoa bukta namba tisa, akaitandaza kwenye mapaja yake. Viganja vilikuwa pale, vyote viwili, vimekauka vizuri.

"Usioshe," alisema. "Usioshe hii, Vene, nakuomba. Ona. Ni mikono yake."

Aliuweka mkono wake juu ya kiganja cha kulia, kidole juu ya kidole. Kiliishia pale pale mkono wake ulipoishia.

"Miaka kumi na mbili naishi na huyu mtu," alisema, "sijawahi jua mikono yetu ni saizi moja." Akatabasamu, mara ya kwanza tangu Jumanne, akausogeza mguu wenye bukta karibu na beseni. "Weka na wewe mkono wako hapa, uone vile mikono yake ilikuwa midogo."

"Mikono yangu ina sabuni," alisema Veneranda. "Itamfuta."

Adoyo akasema ni kweli. Aliikunja bukta taratibu, sehemu yenye viganja ikiwa ndani, akamshukuru kwa kuitunza, akaenda kwenye gari. Veneranda hakuitoa mikono yake majini mpaka lilipoondoka.