Kichwa cha Nabintu

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya mavuno ya maharage, hapa kambini Juru, ambayo huikumbuka kila ninaposikia kijana akilalamika kichwa.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nabintu, mke wa kaka yangu, alikuwa mdogo kwangu. Aliniita yaya, dada mkubwa. Kila mwezi kichwa kilimshika upande mmoja, akatapika, akajifunika kitenge usoni maana mwangaza ulimchoma. Mimi niliuita uvivu. Tena nikuambie siri: hata mimi kichwa kiliniuma mara nyingi, nikameza vidonge vya dukani kimyakimya na kushika jembe. Nilijivunia hilo. Ndiyo maana sikumhurumia.

Asubuhi hiyo nilimvuta kitenge.

"Amuka! Batu banatungoja ku soko ya Kabingo na maharage."

"Yaya, leo hapana. Naona kama moto inacheza mu macho."

"Sisi bote kichwa inatuuma. Twende!"

Akaenda. Aliniheshimu, mwanangu, ndiyo sababu alienda. Tulipanda kila mmoja baiskeli yake, gunia nyuma. Kwenye mteremko aliniambia haoni upande wa kulia. Nikamwambia akanyage tu. Lori likatokea upande huohuo, likamgonga.

Hospitalini Mbarara walimkata mkono juu ya kiwiko. Daktari, Munyankore mpole, mwenyeji wa huko, aliniuliza kichwa kilianza kumsumbua lini. Sikujua. Miaka mitatu tulikula chungu kimoja, sikuwahi kumuuliza.

"Hii ugonjwa iko mingi kwa vijana," akasema. "Wengi wanaficha. Na wewe je?"

Nikainama.

Nabintu hakunilaumu hata siku moja. Alijifunza kumfunga mtoto wake mgongoni kwa mkono mmoja na meno. Mimi nilimtazama, nikageuza uso. Na kichwa hakikumwacha. Kilirudi vilevile, mwezi kwa mwezi.

Basi nisikie. Adhabu ya kaburi aijua maiti: usipime maumivu ya mwenzako kwa ya kwako. Akisema kichwa kinamuuma, mwamini kwanza, mwache alale fasi ya giza, mahali pasipo mwanga, kisha mfikishe kwa daktari. Na chako usikifiche kwa vidonge vya kila siku, ukajiita shujaa. Mimi nilijiita hivyo, na mwingine ndiye aliyelipa.

Mungu akulindie kichwa na macho, mwanangu, na akuzungushie watu watakaokuamini siku utakayosema unaumwa.