Zile Filamu za Mjomba

Mama anafukiza udi chumbani kwa mjomba, ndugu yake. Harufu inanirudisha utotoni, sebuleni kwetu Kibokoni, kwenye mkeka mbele ya televisheni yenye chenga.

Mjomba alipenda filamu za njama za serikali: mtu mmoja ana bahasha ya siri, na wakubwa wote wanamwinda. Kila yule mtu alipokaribia kumjua aliyetoa amri, magharibi iliadhiniwa na mama akazima televisheni. Hapakuwa na kubishana. Tukitoka msikitini nilikuwa nikimvuta mjomba kanzu.

"Mjomba, ikawaje?"

"Wakubwa wameshikwa wote," alisema, kana kwamba ameona.

"Na yule mtu?"

"Amerudi kwao, anakula mahamri."

Huu ni mwaka wa tatu tangu watu wawili wasio na sare wamwite mjomba nje, kwa masuali machache tu, walisema. Tumechoka kuzunguka vituo vya polisi tukimwulizia.

Mama anaweka chetezo chini. Hakupata kutazama filamu hata moja.

"Mwanangu, zile filamu zenu, mwishowe yule mtu hurudi?"

"Hurudi, mama. Hurudi kwao, akala mahamri."