Jerusha Aliposema Mzee Anaweza Kusafiri

Sisi tunaolala chumba kimoja na Jerusha hapa mtaa wa Fereej Bin Mahmoud tuliijua Ravnslev kabla ya kuijua Doha vizuri. Ni kimji cha Denmaki, na Mzee Aksel, ambaye Jerusha alikuwa akimuuguza kule Al Rayyan, hakuwa na hadithi nyingine. Jioni Jerusha alirudi hoi, akajitupa kitandani na kutusimulia watu mashuhuri wa huko: mchoraji aliyechora ng'ombe maisha yake yote, mama aliyefungua shule ya viziwi ndani ya zizi la farasi, fundi aliyeunda kinanda cha kanisa kikagoma kulia mbele ya askofu. Mimi walinichosha. Nilimwambia hao watu wake hata salamu hawatutumii.

Mzee aliletwa Doha na mwanawe, mhandisi, baada ya kufiwa na mke. Moyo ulikuwa umechoka, naye alitaka jambo moja tu, afie Ravnslev. Mwanawe aliiogopa safari. Daktari akasema atamsikiliza nesi, maana ndiye anayeshinda na mgonjwa. Basi neno la Jerusha ndilo lingeamua.

Tulimshauri kama watu wenye akili. Mzee akienda, kazi imekwenda, na kule Kericho kuna watoto wawili wanaomtegemea. Nilimwambia aseme mzee hawezi, yaishe. Wala usingekuwa uongo mkubwa. Mzee alihema hata akivaa soksi.

 Asubuhi Jerusha alivaa sare, akapanda basi, akamwambia mhandisi kwamba akipewa oksijeni na mtu wa kumshika mkono, baba yake atafika.

Mzee akasafiri. Siku hiyohiyo Jerusha alirudi mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaketi kitandani na viatu vyake miguuni. Nilikasirika, sifichi. Nilimuuliza ni ujinga gani huo, kuitupa kazi kwa sababu ya mzungu na kimji chake.

 Sauti yake ilitoka chini, ya mtu asiye na nguvu ya kugombana.

"Mamangu nilimzika kwa simu," akasema. "Na simu ikakata kabla hawajamshusha. Sasa huyu ningemkatalia kwenda kwao aje, sis?"

 Nilikaa kando yake tukalia sote wawili, na kesho yake akaanza kutafuta kazi.