Kukasirika si Kuugua

Mwanangu Koku, kuna siku moja nikiwa bado msichana wa juzi kuolewa, hapa hapa Buganguzi, ambayo hainitoki. Nilikuwa nimetoka hospitali Bukoba mjini. Baada ya kumzaa baba yako nilikosa usingizi, nikasikia sauti za watu wasiokuwepo, nikapelekwa kutibiwa. Nikarudi na dawa zangu, nikalima, nikapika, nikanyonyesha. Lakini watu walikuwa wamenipa jina jipya: yule mgonjwa.

Asubuhi hiyo niliingia kwenye kibanja, shamba letu la migomba na mibuni, nikakuta miti ya mpaka, ile tuiitayo milamula, imesogea. Mibuni yetu miwili sasa ilikuwa upande wa jirani, mzee Rwegasira. Babu yako alikuwa kwenye visiwa vya ziwani akinunua samaki, kwa hiyo nikaenda mwenyewe kumuuliza jirani.

Hata hakusimama. "Rudi nyumbani ukameze dawa zako," akasema.

Nikapiga kelele. Nani asingepiga? Majirani wakaja, na wanawake wawili wakanishika mikono, kwa upole kabisa, wakiambiana, "Imeanza tena."

Sikia jambo hili, mwanangu. Kilichoniumiza zaidi si maneno ya Rwegasira. Ni kwamba nilianza kujiuliza kama kweli macho yangu yameona nilichokiona.

Ndipo akafika mama mkwe wangu. "Mwachieni," akasema. Halafu akanigeukia. Hakuniuliza kama nimemeza dawa. Aliniuliza, "Umeona nini?"

Nikampeleka mpakani, na wengine wakatufuata. Akaushika mlamula mmoja, akauvuta kwa mkono mmoja tu, ukang'oka na udongo laini.

"Huu umepandwa juzi," akawaambia wote. "Ugonjwa wa mkwe wangu ndio ulioupanda?"

Rwegasira akasema ni vibarua waliokosea. Jioni miti ilirudishwa mahali pake. Msamaha hakuomba, na mmoja wa wale wanawake aliendelea kunitazama kwa wasiwasi kwa miaka mingi, kila nikicheka kwa sauti.

Tulipokuwa tunamenya ndizi, mama mkwe akaniambia, "Ukiugua, nitakuambia umeugua. Ukikasirika, nitakuambia umekasirika. Mimi naweza kuvitofautisha."

Na niliugua tena, usidhani ni hadithi ya kupona mara moja. Safari hiyo nilikuwa nawashuku watu wote wa nyumbani. Lakini yeye aliponiambia, "Binti yangu, sasa umeugua, twende," nilivaa viatu nikamfuata. Asingenitetea siku ile ya mpaka, ningemwamini vipi?

Nimekusimulia haya kwa sababu tangu daktari akuambie jina la ugonjwa wako unajitambulisha kwa jina hilo, kama vile wewe Koku umehama. Hujahama. Kunywa dawa, nenda kliniki, usione aibu. Ila hasira yako ni yako, kicheko chako ni chako, na ukionewa, sema umeonewa. Tafuta mtu mmoja atakayekuuliza umeona nini kabla ya kukuuliza kuhusu dawa. Na siku mtu huyo akikuambia umeugua, msikilize.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe usingizi mzuri, akupe watu wa kukuamini, na akuache uwe wewe hadi uzeeke kuliko mimi.