Raba za Mama na Maji ya Mgomba

Nianze na ujinga, tuumalize mapema. Nilichukua dawa ya kuoshea choo nikazimwagia raba nyeupe za Mama. Si tone moja. Nilimwaga kama mtu anayezima moto.

Sababu nilikuwa nayo. Nilikuwa nyumbani kwa mapumziko ya katikati ya muhula, na Alhamisi jioni nilikuwa nakata mkungu wa ndizi nyuma ya jikoni. Mama akapita, ametoka mazoezi ya kwaya. Nikamwita anishikie mkungu usianguke. Alishika, na utomvu ukamdondokea miguuni. Sasa, utomvu wa ndizi ukiwa mbichi hauna rangi, unaweza kudhani mtu amekumwagia maji ya kunywa. "Ni maji tu, Mama," nikamwambia. Hata mtoto wa chekechea wa huku Nyamira angenicheka. Ijumaa asubuhi raba zilikuwa na madoa ya kahawia, kana kwamba mzee mmoja alikuwa amezitemea tumbaku usiku kucha.

Doa la ndizi halitoki. Kila mtu kwetu ana shati la shamba lenye ramani yake. Lakini mimi nasoma Kemia kidato cha tatu, na mtu anayefeli Kemia ndiye huwa na imani kubwa nayo. Dawa ya choo ilifanya kazi yake: madoa yakabaki palepale, na kitambaa kilichoyazunguka kikageuka njano kama meno ya mbuzi.

Mdogo wangu wa kike, ambaye yuko gredi ya sita lakini mdomo wake ulishafika chuo kikuu, alikuja akachungulia beseni.

"Ulikuwa unaosha ama unapika?"

"Toka hapa."

"Sitoki. Nataka kuona vile utakufa."

Mama akatoka nje kabla sijaficha kitu. Viatu vyake vyeusi vya kanisani vilikuwa vimeachama mdomo kama kambare, kwa hivyo raba ndizo zilizobaki. Na kesho yake, Sabato, ilikuwa mara yake ya kwanza kusimama mbele ya kanisa peke yake, aanzishe wimbo ndipo wenzake waitikie. Wiki nzima alikuwa akimwimbia ng'ombe huo wimbo akikamua. Nadhani hata ng'ombe angeweza kuuanzisha.

Alizitoa raba kwenye beseni, akazigeuza huku na huku. Nikasogeza sikio mbali na mkono wake. Hakunipiga. Alisema tu, polepole, "Nitawaambia kichwa kinaniuma."

Hapo ndipo niliogopa kweli. Mama hasemi uongo. Nyumbani kwetu hiyo ni idara yangu.

Alirudi ndani, na wimbo hakuuimba tena. Nilikaa kwenye ngazi ya jikoni nikiutazama ule mgomba niliouangusha jana, bado unalia utomvu. Nikawaza: kama hili doa limekataa kutoka, basi liingie lote. Raba ziwe doa moja kubwa.

"Lete kisu," nikamwambia mdogo wangu.

"Unataka kujiua?"

"Nataka kutia raba rangi. Lete kisu, mogaka."

Akacheka kuitwa mzee, akaleta. Tulikatakata shina la mgomba, tukalitwanga, tukalikamua kwenye sufuria ya zamani. Nilitoa kamba, nikapaka soli mafuta ya kujipaka ili zisishike rangi, nikatumbukiza raba zote mbili na kuzichemsha. Zilipotoka zilikuwa na rangi ya maji ya kuoshea vyombo.

"Umefanya sasa zinafanana na panya," mdogo wangu akasema.

"Ngoja jua."

Lakini jua la huku halingoji mtu. Mchana mvua huja bila kukosa, na jua likizama Sabato imeingia: hakuna kufua, hakuna kuchemsha, hakuna mtu kugusa beseni mpaka kesho jioni. Tulizianika juu ya majani chai shambani, nikakaa kando nikizigeuza kama chapati. Pole pole zikaanza kubadilika. Kijivu, kisha kahawia hafifu, kisha kahawia ya chai ya rangi. Nilizichovya tena, nikaanika tena. Matone ya kwanza ya mvua yalipodondoka nilizinyakua nikakimbilia jikoni, tukazitundika juu ya moto. Moshi nao ukaongeza rangi yake, bila kuombwa.

Jua lilipokuwa linagusa mlima, nilizitoa. Madoa hayakuonekana tena. Palipomwagikiwa na dawa ya choo palibaki mawingu mawili mepesi, na raba ya kulia ilikuwa imekunywa rangi zaidi kuliko ya kushoto. Niliziweka mlangoni mwa chumba cha Mama, nikaenda kuoga haraka kabla Sabato haijanikuta na masizi.

Asubuhi Mama alitoka chumbani amevaa sketi ya kwaya, ya kahawia. Miguuni alikuwa na ndala. Alizitazama raba pale mlangoni. Akainama, akanusa moja. Mdogo wangu akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Mimi nilikuwa tayari nimepanga nafasi yangu ya kawaida: benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, ambako mtu anaweza kutoka wakati wa mahubiri akaenda kuangalia kama dunia bado ipo.

Mama akavua ndala. Akavaa raba ya kushoto, akavaa ya kulia, akafunga kamba, akatembea mpaka ukutani na kurudi. Kisha akasafisha koo, akajaribu mstari wa kwanza wa wimbo, taratibu, akiangalia miguu yake. Alipomaliza alichukua Biblia, akanigeukia, akasema:

"Zinanuka jikoni, na hii moja kwa rangi ni mama ya hii nyingine. Twende. Lakini leo wewe unakaa benchi la mbele, mbele kabisa, ndiyo mtu akianza kuangalia miguu yangu nimwonyeshe fundi."