Mwanasha na Prosesa ya Kupapaswa

Saa mbili asubuhi, katika karakana ya chuo kidogo cha ufundi Ngara, Mwanasha Abdulfatah anapanga visanduku vya mbao mezani. Kimoja kimebandikwa msasa, kingine kipande cha taulo. Kati yavyo anapitisha kamba.

"Prosesa yenyewe, ubongo wa kompyuta, hutoshea kwenye ukucha," anacheka. "Yangu imejaa meza."

Visanduku hivyo ni rejista, vijumba vya ndani ya prosesa ambamo namba hukaa kwa muda zikisubiri kazi. Cha msasa hushika jibu la hesabu. Cha taulo huonyesha amri inayofuata iko wapi. Kamba ndizo njia za kupitishia namba.

Mwanasha, mzaliwa wa Lamu, ni mwalimu wa elektroniki. Alianza kuvitengeneza visanduku hivi mwaka jana, baada ya Mwihaki Thuo, mwanafunzi wake, kupofuka kwa maradhi ya macho.

Mwihaki alirudi chuoni kutoka kwao Muthangari akishikwa mkono na mamake. Alikuja kujiondoa.

"Madam, hizo michoro zote nitaziona na nini?" aliuliza.

Mwanasha anakumbuka: "Nikamwambia, nipe wiki moja tu, mwanangu."

Aliokota mabaki ya mbao kwa seremala jirani, akaunda visanduku na kuvipanga juu ya ubao. Jaribio la kwanza lilimwangusha: visanduku vyote vilikuwa laini. Mwihaki alipapasa, akapotea, akausukuma ubao na kulia. "Zote ni sawa tu, madam."

Jioni hiyo Mwanasha alipika akiwa amefumba macho. Kitambaa, mwiko, mbuzi ya kukunia nazi: kila kitu mkono ulikijua. Kesho yake akaja na msasa na taulo. Katika kila kisanduku alitoboa mashimo manane. Shimo lenye haragwe ni moja, tupu ni sifuri, tarakimu mbili ambazo kompyuta huandikia namba zote.

Mwihaki aliweka namba tano, akaongeza tatu, akasogeza maharagwe polepole hadi kwenye msasa.

"Nane!" alipiga kelele. Kisha akamgeukia Mwanasha. "Madam, mimi nilisahau kukuangalia vizuri kabla sijapofuka. Uso wako unakaa aje?"

Mwanasha aliichukua mikono ya Mwihaki, akaiweka usoni mwake mwenyewe.

Mwihaki hakujiondoa. Muhula uliopita alifaulu somo la prosesa, mtihani akisomewa kwa sauti.

Sasa Mwanasha anachora ubao mwepesi wa kukunja, unaoingia kwenye mkoba.

"Huu wa sasa ni mzito, haubebeki," anasema, akipuliza vumbi la mbao. "Nataka Mwihaki aende nao nyumbani. Akitaka kusoma kitandani, asome."