Bao Lililomwaga Ufuta wa Bibi

Sauti yangu imebaki Ruangwa, na kandambili yangu ya kushoto imebaki hukohuko. Jana jioni nilishuka stendi ya Nachingwea mguu mmoja umevaa na mwingine peku, mimi mtu mzima, fundi cherehani mwenye wateja wake sokoni. Muuza mihogo aliniuliza kama nimefukuzwa na mbwa. Nilitaka kumjibu, nikatoa mlio wa kuku mwenye mafua. Basi nikamwonyesha vidole viwili hewani, halafu kidole kimoja, akaelewa na kuanza kucheza palepale na kisu mkononi.

Mbili moja! Acha nikusimulie taratibu. Timu yetu ilihitaji ushindi, sare isingetusaidia. Tukikosa, tunashuka daraja, na hilo ni neno ambalo watu wa Ruangwa hawalitaji ovyo, kama wasivyotaja nyoka usiku. Dakika tisini zikaisha tuko moja moja. Mwamuzi wa akiba akainua kibao, dakika nne za nyongeza. Wazee walikuwa wameshika vichwa, mwanamke mmoja nyuma yangu anamsalia Mtume bila kituo. Ikapatikana kona. Beki wetu wa kati, yule mrefu ambaye msimu mzima tumemtukana, akapaa, akaupiga kichwa, wavuni!

Mimi nikaruka. Karanga nilizokuwa nimezikumbatia kwenye mfuko zilikwenda juu zote zikawashukia watu. Kijana anayekaa mbele yangu, ambaye kila mechi hunitania kwamba nashangilia kama niko msibani, alijipangusa karanga kwenye nywele akanigeukia.

"Mama, leo umewaka! Kumbe unaweza?"

Ana haki ya kushangaa. Miaka yote hii nimekuwa shabiki asiyeruka. Bao likiingia mimi husimama wima, mikono nimeikunja kifuani, kama nimebeba kitu kisichotakiwa kuinama. Na kweli nilikuwa nimekibeba, tangu nikiwa darasa la saba.

Mwaka ule nilikuwa naishi na bibi, mama yake mama, kule Mandawa. Mikorosho yake ilikuwa michache na imezeeka, kwa hiyo tegemeo letu lilikuwa ufuta. Na ufuta wa mwaka ule ulikuwa na kazi yake maalumu, kuninunulia sanduku la bati la kwendea sekondari Nachingwea. Mtihani sikuwa nimeufanya bado. Bibi hakujali. "Utafaulu," alisema, na alisema hivyo kwa namna ambayo kufeli kungekuwa utovu wa adabu. Mimi sanduku lile nilikuwa nimeshalichagua dukani, jekundu, lenye maua ubavuni na kitasa kinachong'aa. Nilikuwa naliota.

Kama hujawahi kukung'uta ufuta nikueleze, maana hapo ndipo penye mambo. Ukishakatwa hufungwa matita na kuegemezwa kwenye chanja, vichwa juu, mpaka vitumba vikauke na kufungua midomo. Siku ya kukung'uta unalichukua tita moja moja, umelikumbatia wima kama mtoto mchanga aliyelala, unatembea polepole mpaka kwenye turubai, ndipo unaligeuza na kuligonga kwa fimbo. Mbegu zinashuka kwa sauti ya mvua ndogo. Ukiinama kabla ya kufika, ukijikwaa, hata ukipiga chafya vibaya, mbegu ziko mchangani. Kwa hiyo bibi alikuwa na sheria zake. Hakuna kukimbia, hakuna mzaha, hakuna kelele. "Ufuta una midomo wazi," alikuwa akisema kwa Kimwera chake, "ukiushtua unatapika."

Sasa siku hiyo ya kukung'uta ikaangukia siku ya mechi ya mwisho ya timu yetu ya Kusini. Ilikuwa hali ileile ya jana, shinda au shuka. Jirani yetu, mwalimu mstaafu, alikuja kutusaidia akiwa na redio yake ya betri nne, akaitundika kwenye nguzo ya chanja.

Bibi alikunja uso. Mpira hakuupenda, au ndivyo alivyotuambia. Alisema haujawahi kujaza ghala la mtu. Kiswahili cha redioni kilikuwa kinamkimbia, na mtangazaji alimwita "yule bwana anayeungua". Ila nakumbuka kila Jumapili, akimpelekea mwalimu ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini, alikuwa haondoki upesi. Alikuwa anazungukazunguka, anasifia mbuzi, anauliza mvua, halafu mwisho kabisa, kama kitu kilichomponyoka: "Na wale watoto wetu, jana walionewa tena?"

Tukakung'uta. Jua lilikuwa limepoa, vumbi la ufuta linawasha shingo, na redio inapiga kelele zake. Mpaka dakika za mwisho hakuna bao. Mwalimu alikuwa anagonga tita lilelile moja, ambalo lilishaisha mbegu zamani. Mimi nilikuwa njiani kutoka kwenye chanja, tita kifuani. Bibi alikuwa mbele yangu na tita kubwa kuliko yote, lile ambalo hakumruhusu mtu mwingine alishike.

Mtangazaji akaanza kuungua. Kona imepigwa, mpira umezuiwa, umerudi, shuti... Kabla hajamaliza neno nilijua. Damu ilinipanda mpaka masikioni, miguu ikataka kuruka yenyewe. Nikaliona sanduku jekundu. Nikalikumbatia lile tita kwa nguvu zangu zote, nikafumba macho, nikasimama kama mlingoti wa bendera.

Nilipofumbua macho, bibi alikuwa hewani.

Sikutanii. Bibi yangu, mwenye sheria zake, alikuwa amepaa na kanga zake mbili, na lile tita kubwa limepaa juu yake. Liligeuka huko juu, likatapika lote. Lilipoanguka likaangukia chanja, na chanja ikalala na matita yaliyobaki. Mwalimu alikuwa amepiga magoti kwenye turubai anapiga vigelegele, mwanamume mzima. Ufuta mweupe ulitapakaa mchangani mpaka kwenye majani.

Redio iliendelea kupiga kelele peke yake. Bibi aliutazama mchanga, akanitazama mimi na tita langu, zima kabisa, halijadondosha hata punje. Nilidhani atanisifu. Alinihurumia.

"Mjukuu wangu," alisema, "bao limeingia na wewe umesimama tu?"

Halafu akacheka mpaka akakaa chini.

Tulichekecha mchanga siku mbili. Tuliosha ufuta kwenye beseni, tukaupepeta, tukauanika, na bado uliokaa sawa haukufika nusu. Sanduku jekundu likabaki dukani. Nililia, sikufichi. Na nilipofaulu, kama alivyoamuru, bibi alivuta sanduku lake mwenyewe kutoka uvunguni, la bati, limechubuka rangi, akatoa kanga zake, akatoa sanda yake aliyoinunua kwa jasho lake na kuihifadhi humo miaka mingi, akavipanga vyote kwenye kikapu cha ukindu. Nikamwambia, bibi, hapana. Akanisukumia sanduku kwa mguu.

"Sanda italala kwenye kikapu. Yenyewe haina haraka, wewe unayo."

Ilikaa kwenye kikapu miaka minane. Siku ya kumzika iliposhushwa na kufunuliwa ilikuwa safi, ila ilinukia ukindu, na wanawake waliokuwa wakimwosha waliulizana kwa nini. Mimi nilijua.

Mandawa siku hizi nasikia vijana wanakung'uta ufuta wakiwa na simu mfukoni na waya masikioni, kila mtu anasikiliza bao lake peke yake. Mwalimu naye ametangulia, na redio yake sijui iliishia wapi. Ile furaha ya siku ile niliisikia kwa masikio tu, nikaacha ipite nikilinda tita, na kwa muda mrefu nilijiona mimi ndiye niliyekuwa na akili pale shambani. Nilichelewa kuelewa kwa nini bibi alinihurumia.

Jana nilipofika nyumbani nilivuta lile sanduku kutoka uvunguni. Bado ninalo, kitasa kimekufa, humo natunza jezi na nguo za sikukuu. Nikaiweka kandambili ya kulia juu ya jezi. Sauti haikuwepo, lakini bibi Kiswahili cha kelele hakukihitaji, na Kimwera changu kilichobaki kilinitosha kwa maneno machache.

"Bibi," nilinong'ona, "na mimi nimemwaga."